Baba Yangu Niko Naye Kidato cha Kwanza: Nijifanye Naumwa?

Mpendwa Shangazi Magreth,

Shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba uje upesi, kwa sababu gazeti lenu huku kwetu hutufikia likiwa limeshafungia vitumbua, mama anarudi nalo kutoka sokoni Bomang'ombe, sisi tukishamaliza vitumbua ndiyo tunagombania kusoma ukurasa wako hata kama umejaa mafuta, kwa hiyo ukichelewa kunijibu, Ijumaa ya mwisho wa mwezi itakuwa imepita na mimi nitakuwa nimeshaaibika mbele ya watu wote. Naomba pia ubadilishe majina.

Mimi ni msichana wa kidato cha kwanza katika shule ya kata huku Machame juu, na shida yangu ni kwamba baba yangu naye yuko kidato cha kwanza. Si mwalimu, Shangazi, ni mwanafunzi. Anakaa dawati la nyuma kabisa karibu na dirisha, mimi nakaa la mbele, na darasa likicheka sigeuki kuangalia aliyesimama, kwa sababu namjua.

Usifikiri nakutania. Baba ni mpagazi wa mlimani, wenyewe wanaitana wagumu, amebeba mizigo ya wageni tangu kabla sijazaliwa, na masika ikianza wageni wanapungua anabaki nyumbani kuhudumia kihamba chetu, migomba na kahawa na ng'ombe, ila mwaka huu mvua zilipoanza akaenda kwa mkuu wa shule akaomba aruhusiwe kukaa kwenye vipindi vya Kiingereza tu, mkuu akamwita mwalimu wetu wa Kiingereza, Mwalimu Winfrida, naye akasema kama atafuata taratibu za darasa kama wenzake basi aje. Mimi sikuambiwa kitu. Niliingia tu darasani nikamkuta amekaa, magoti yamegota kwenye dawati, amevaa shati lake la kanisani na buti za mpira kwa sababu ya matope, na jina lake lilipoitwa akasimama akaitika "Present, madam!" mpaka kidato cha pili upande wa pili wa ukuta wakasikia. Ilipofika mapumziko akanifuata uwanjani na ndizi mbivu mkononi, akaniambia mbele ya wenzangu, "Mama, kula, una hesabu baadaye." Ananiita mama tangu nikiwa mdogo. Nilitamani nifukiwe hapo hapo.

Kilichompeleka shule nakijua, kwa sababu alitusimulia jikoni. Safari yake ya mwisho kabla ya mvua kulikuwa na mgeni, mama wa kizungu mtu mzima, alikuwa anabaki nyuma nyuma, muongozaji yuko mbele na wengine, baba akawa ndiye anayetembea naye, akamwona amebadilika rangi, akataka kumuuliza "unajisikiaje?", akamuuliza kwa Kiingereza chake, "How do you hear?" Yule mama akagusa masikio yake, akatabasamu, akasema "Good, good." Baba akajua ni mzima. Wakaendelea kupanda, na mbele kidogo yule mama akaanguka, ikabidi wamteremshe kwa machela. Alipona, Shangazi, tena walipofika chini alimshika baba mikono miwili akamshukuru sana, lakini baba alisema aliona aibu kushukuriwa wakati mtu anazidiwa yeye alikuwa anamuuliza habari za masikio. Alisema, "Kichwani nilimuuliza vizuri kabisa kwa Kiswahili, mdomoni kikatoka kitu kingine." Halafu akasukuma sahani pembeni, na baba huwa haachi chakula.

Anataka kuwa muongozaji, hiyo ndiyo ndoto yake ya siku zote. Mzee Hosea, mwenye kampuni inayompeleka mlimani, ambaye pia ni mjumbe wa bodi ya shule yetu, alishamwambia kwamba mlima anaujua na roho nzuri anayo, lakini hawezi kumpeleka kwenye mafunzo ya uongozaji mpaka amsikie kwa masikio yake akiongea na mgeni wakaelewana.

Sasa kuhusu darasani. Mwalimu Winfrida ana mtindo wake, hataki jibu la neno moja, anataka sentensi nzima, na ukikosea hupigwi wala hufokewi, unabaki umesimama unaitengeneza sentensi yako mpaka ikae sawa, na mwenzako anaruhusiwa kukuazima neno moja tu ulilopungukiwa. Siku moja akaandika ubaoni hear, feel, smell na taste, akasema nani atatunga sentensi. Kimya. Unajua tulivyo, shule ya msingi tumesoma kwa Kiswahili, nyumbani ni Kichagga, ukiambiwa ufungue mdomo kwa Kiingereza kila mtu anaanza kuchunguza kucha zake. Baba akasimama. "Madam, today I hear cold." Darasa likapasuka kwa kicheko. Akaelekezwa, akaketi, akasimama tena. "I hear hunger." Aisee, wengine walilala kabisa juu ya madawati. Akaelekezwa, akashukuru, akasimama mara nyingine, "In my house I hear the smell of mtori," na hapo hata Mwalimu Winfrida aligeukia ubao tukaona mabega yanatikisika. Kuna mvulana anaitwa Godlove, anakaa nyuma yangu, huyo ndiye aliyeanza kumwita Mzee Aihia, kwa ajili ya hizo I hear zake, na sasa shule nzima mpaka mama anayepika uji wanamwita hivyo, na mimi ni Binti Aihia. Baba akiitwa anaitika na kucheka. Mimi sicheki.

Kipindi kile hakikuishia hapo. Mwalimu akamwambia, "Mzee, hebu tuambie, unajisikiaje, utasemaje?" Baba akasimama polepole, hakuwa anacheka tena, nikajua amemkumbuka yule mama. Akasema "How do you..." akakwama. Hear alishaambiwa siyo, na lile lenyewe lilikuwa limempotea. Mwalimu akauliza nani atamwazima neno. Nikasikia buti zinalia, nikajua amegeukia upande wangu. Neno nilikuwa nalo, Shangazi, feel, nalijua tangu shule ya msingi. Nikainama kutafuta kalamu kwenye begi na kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Dominika, ninayekaa naye dawati moja, ndiye aliyemwazima.

Nisiwe mwongo, kuna mambo mengine mazuri. Baba anajifunza kweli kweli. Akikata majani ya ng'ombe anaimba vitenzi kwa sauti, na vile visivyobadilika, cut na put na hit, anaviita wastaarabu, anasema hao ni watu wa neno moja, jana cut leo cut, lakini go anasema huyo ni tapeli, leo go, jana went, kesho kutwa ukimuulizia unaambiwa ni gone. Mama anacheka mpaka anakaa chini. Halafu kuna wiki alipata safari akapanda mlimani, hakuwepo darasani, Mwalimu Winfrida akauliza swali, hakuna aliyenyoosha mkono, akauliza tena, kimya, Godlove akasema, "Madam, Mzee Aihia hayupo, nani ataanza kukosea?" Tulicheka lakini kipindi kiliisha hakuna aliyesema kitu cha maana. Aliporudi wakampigia makofi mlangoni. Sijui kwa nini nakuandikia haya, siyo shida yangu.

Shida yangu ni Ijumaa. Shule ina siku ya Kiingereza, wazazi wanakuja, bodi inakuja, Mzee Hosea atakuwa kiti cha mbele na ameshamwambia baba, "Nitakuja kukusikiliza." Wanafunzi wanapangwa wawili wawili kufanya mazungumzo jukwaani, na Mwalimu Winfrida amenipanga na baba. Yeye ni muongozaji, mimi ni mgeni niliyezidiwa njiani. Ananiuliza najisikiaje, namjibu, ananiambia tushuke, mimi nakataa, ananibembeleza kwa Kiingereza mpaka nakubali. Baba amefurahi sana, anasema kumbe Mungu alimpa binti ili apate mgeni wa kufanyia mazoezi. Kila akiniita tukafanye mazoezi nasema nina kazi ya shule, au nimechoka, au nasaidia mama, kwa hiyo anafanya peke yake zizini, nimemsikia kwa masikio yangu anamuuliza ng'ombe, "How do you feel, madam?" na anasubiri kidogo kama vile atajibiwa.

Mimi najua itakavyokuwa. Atapanda pale na buti zake, atababaika, litamtoka lile lile la hear, umati utapiga kelele "Aihia! Aihia!" na mimi nitakuwa nimesimama pembeni yake. Kwa hiyo nimeamua kuumwa. Nimeshaanza kukohoa tangu jana. Mama hajanijali, ila baba alikuja na maji ya tangawizi, akaketi kitandani kwangu, akanishika paji la uso, na akaniuliza polepole, "How do you feel?" Alisema sawasawa, hata hakubabaika. Nikamjibu kwa Kiswahili, "Naumwa." Akasema basi nilale, nikipona mapema tutafanya, nisipopona atamwambia Mwalimu atapanda peke yake aongee pande zote mbili.

Shangazi, simchukii baba yangu. Nampenda. Lakini sitaki kuchekwa. Niendelee kuumwa, au nimwombe Mwalimu Winfrida anibadilishie mtu, au nimwambie baba kwamba siku ile ni ya wenye sare tu? Nijibu haraka.

Anayekohoa,
Machame

*

Mwanangu Anayekohoa,

Marahaba. Acha kukohoa, utaliumiza koo bure, na koo hilo lina kazi Ijumaa.

Majina nimeyabadilisha kama ulivyoomba, ingawa sijui nimemficha nani, maana kidato cha kwanza chenye mzee aliyevaa buti za mpira nadhani Machame nzima ni kimoja. Barua yako niliisoma ofisini kwa sauti, wenzangu wakaacha kazi kusikiliza, na kwenye ule mtori tulicheka mpaka mhariri akaja kuuliza kuna nini. Halafu nikafika kwenye begi na kalamu, kila mtu akarudi kwenye kazi yake.

Nianze na pale ulipo na haki. Umri wako ni wa kuona haya, ndivyo tulivyoumbwa, mzazi akipiga chafya tu kanisani mtoto wa umri wako anataka kuhamia dhehebu lingine. Wa kwako anasimama darasani anatangaza kwamba anasikia njaa. Pole, nasema kwa dhati. Na zile ndizi za mapumziko ni kweli amezidisha. Mwambie kwa adabu, "Baba, shuleni naomba uniite kwa jina langu, na ndizi nitazila nyumbani." Mtu anayemshukuru mwalimu kwa kumsahihisha hawezi kununa kwa sababu binti yake kamwomba kitu kwa heshima. Hiyo ndiyo haki yako. Ichukue, imeishia hapo.

Sasa nikugombeze.

Unalia kwamba baba yako anakosea. Hebu tulitazame hilo kosa lenyewe. Sisi kwa Kiswahili tunasikia wimbo, tunasikia baridi, tunasikia njaa, tunasikia harufu ya chakula jikoni, mpaka ugonjwa tunauliza unajisikiaje. Neno moja linabeba yote na halijawahi kulalamika. Waingereza mzigo huo wamewagawia watu wanne. Baba yako hakuwa anaropoka. Alichukua Kiswahili safi, akakivusha ng'ambo kama kilivyo, kikakataliwa mpakani. Kila aliyejifunza Kiingereza akitokea kwenye lugha yetu amepita hapo, na mimi nilipita, na huyo Godlove wako anapita hapo hapo, ila yeye kwa ndani, ambako hakuna anayemsikia ili amsahihishe.

Na wewe je? Nimeipekua barua yako yote natafuta sentensi moja ya Kiingereza uliyoisema wewe darasani kwa mdomo wako. Sijaiona. Za baba yako zimejaa, mbovu, zilizonyooka, zilizokwama katikati. Wewe unayajua maneno, hilo sikatai, na kwenye mtihani wa karatasi utamshinda vizuri tu. Lakini maneno unayoyajua ukayafungia ndani yanamsaidia nani? Utamaliza kidato cha nne na alama nzuri na mgeni akikuuliza njia utaanza kuchunguza kucha, mwenyewe umeandika.

Uliniambia hujui kwa nini unaniandikia habari za wiki ile baba yako alipokuwa mlimani. Mimi najua. Uliniandikia kwa sababu unajivunia, sema umeogopa kulikiri. Darasa zima lilikaa kimya kwa sababu hakuwepo wa kuanza kukosea! Mwanangu, walimu wanahangaika kutafuta dawa ya watoto kuogopa kufungua midomo, na nyie dawa hiyo imekaa dawati la nyuma karibu na dirisha. Wale wenzako wanaomwita Mzee Aihia ndio wale wale waliompigia makofi mlangoni. Mtu wanayemdharau hawampigii makofi. Wewe peke yako ndiye uliyebaki unafikiri ni tusi. Yeye mwenye jina anaitika, sasa wewe unamnunia nani? Wakikuita Binti Aihia, itika.

Mimi nampenda huyu mzee, nisifiche. Nampenda kwa go tapeli na cut mstaarabu, hayo nimeyaandika ukutani hapa kwangu. Nampenda kwa sababu mtu mzima, mwenye mke na mtoto na jina lake mbele ya watu, alipoona neno moja limemweka mtu hatarini, hakuanza kulaumu lugha wala muongozaji aliyekuwa mbele. Alienda kukaa na watoto wa umri wa binti yake na magoti yake yakagota kwenye dawati. Wangapi wangefanya hivyo? Wiki hii hii nimepokea barua ya mtoto ambaye baba yake hajui kama yuko kidato cha pili au cha tatu. Wako anajua mpaka una hesabu baada ya mapumziko.

Tuje kwenye begi. Hapo nimekasirika, na nimeona hata wewe mwenyewe ulipaandika haraka haraka ili upite. Kuchekwa hakukumuumiza baba yako, amezoea, ana ngozi ya kutosha. Kilichouma ni kwamba aligeuka kuazima neno kwa mtoto wake, na utaratibu wa Mwalimu Winfrida uliruhusu, na mtoto akawa anatafuta kalamu aliyoishika. Hakukwambia kitu kuhusu siku hiyo, au siyo? Hata nyumbani hakusema. Badala yake alikuja na tangawizi.

Halafu umemdanganya kwa swali lile lile. Yule mama wa mlimani alikuwa mgonjwa akasema mzima kwa sababu hawakuelewana. Wewe u mzima ukasema mgonjwa, na kuelewana mlielewana vizuri sana. Amejifunza swali lile kwa shida yote hiyo ili akiuliza apate ukweli. Mtu wa kwanza aliyemuuliza akalisema sawasawa, ukiacha ng'ombe, ni wewe. Ona alichopata.

Kwa hiyo hakuna kuumwa. Kumwomba Mwalimu akubadilishie mtu, hakuna. Na hilo la wenye sare tu ufute hata kulifikiria, ungemwambia hivyo angekuamini, na asingekwenda, na Mzee Hosea angekaa kwenye kiti chake cha mbele akimsubiri mtu asiyekuja. Mafunzo yale angepewa mwingine. Unaogopa kuchekwa asubuhi moja, mwenzako ana maisha yake yote pale jukwaani.

Utafanya hivi. Leo, gazeti likikufikia, na mafuta yake ya vitumbua, nawa mikono uende ukamwambie baba yako kwamba umepona. Hahitaji hotuba ya kuomba msamaha wala machozi. Mwambie, "Baba, ile siku ya feel neno nilikuwa nalo, niliogopa. Twende tufanye mazoezi." Hiyo sema kwa Kiswahili, au kwa Kichagga kama ndicho kinachokutoka kwa urahisi, maana kusema ukweli nyumbani hakuhitaji Kiingereza. Halafu anzeni.

Fanyeni kila siku mpaka Ijumaa, na mazoezi yenyewe yafanyeni mkitembea, siyo mmekaa, kwa sababu mlimani hakuna madawati. Mpandishe kwenye mwinuko, mchoshe, akiwa anahema ndipo umwambie akuulize, maana neno linalopotea ni lile la mtu aliyechoka na mwenye hofu. Na wewe usiwe mgeni mwepesi. Jibu kwa haraka, kataa kushuka, mbishie, mwulize maswali ambayo Mwalimu hakuyaandika. Mgeni wa kweli hafuati maandishi. Kila ukimbishia unamfundisha, na utashangaa Kiingereza chako wewe kitakavyokuwa kimefunguka bila kutambua.

Na Ijumaa likimtoka lile la hear, sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo utakapofanya kazi yako. Usimsahihishe, usimnong'oneze, usiangalie watu. Wewe ni mgeni, umezidiwa. Mjibu sentensi nzima kwa sauti ya kufika viti vya nyuma: "I feel very bad. My head is hurting." Neno lake litakuwa limo ndani ya jibu lako, atalichukua hapo hapo na kuendelea, na Mzee Hosea ataona kitu ambacho hakuna cheti kinachoweza kumwonyesha, mtu aliyekosea na bado akaelewana na mgeni wake. Ndicho alichosema anakitaka. Watu wakipiga kelele Aihia, subirini wamalize, muendelee.

Mpe Mwalimu Winfrida salamu zangu, mwambie huyu Shangazi angemwekea dawati zuri zaidi mwanafunzi wake mrefu.

Usijidanganye kwamba ukumbi mzima utakuwa unakutazama wewe. Mzee Hosea atakuwa anamsikiliza baba yako. Baba yako atakuwa anakusikiliza wewe. Basi sema, mwanangu, asikie.

Shangazi Magreth